Nani Ana Haki ya Kukuuliza? Nidhamu ya Imani na Urithi wa Uamsho wa Afrika Mashariki

Mahubiri na vitabu vya ibada vinavyosomwa leo katika Afrika Mashariki vinamhimiza Mkristo aishi imani yake kwa kukusudia: apange saa ya sala, afuate ratiba ya kuimaliza Biblia kwa mwaka mmoja, afunge siku 21 au 40, asikose mkesha wa Ijumaa. Himizo hilo lina mizizi ya kale. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mwanariadha anayejinyima ili apate taji linaloharibika, akataka waamini wasifanye pungufu ya hapo kwa ajili ya taji lisiloharibika. Hakuna Mkristo makini atakayebishana naye. Tatizo la ratiba zetu liko kwingine. Anayezipanga ndiye anayezitekeleza, ndiye anayezikagua, na akizivunja ndiye anayejisamehe. Mtu anaweza kumaliza mfungo wa siku 40 akiwa bado anazuia mshahara wa kibarua wake, na hakuna kitu ndani ya mfungo huo kitakachomlazimisha azikutanishe habari hizo mbili. Hoja ya makala hii ni kwamba nidhamu ya Kikristo hudumu katika maisha ya kila siku pale ambapo mwamini amewapa wenzake, kwa hiari yake, haki ya kumuuliza juu ya maisha yake, hasa upande wa fedha, ndoa na kinyongo. Ushahidi nitauchota zaidi katika Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 na ambalo neno “walokole”, linalotumiwa leo kiholela kwa kila aliyeokoka, ni sehemu ya masalia yake. Nauchagua kwa sababu ulifaulu kwa namna inayoonekana, na pia kwa sababu mahali ulipozaliwa palikuja kutokea jambo linaloweza kuiangusha hoja yangu yote.

Uamsho huo haukuzaliwa katika ushindi. Gahini, mashariki mwa Rwanda, palikuwa na hospitali ya Misheni ya Ruanda iliyokuwa chini ya CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza. Daktari Joe Church alifika huko mwaka 1928, na muda si mrefu nchi ikakumbwa na njaa kubwa. Kufikia Septemba 1929 alikuwa amechoka mwili na roho. Alikwenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika masuala ya afya. Wawili hao waliketi wakasoma Maandiko pamoja na kuomba, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake. Simulizi nyingi za Uamsho huanzia hapo, na si kwa bahati: daktari Mzungu na mtumishi Mwafrika kuulizana habari za roho zao kama watu walio sawa ni jambo ambalo utaratibu wa kikoloni haukulitengea nafasi. Hata hivyo, kwa hoja yetu tukio lenye uzito zaidi ni lile la mwaka 1931, pale Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu katika hospitali ya Gahini, alipokwenda kwa Nsibambi akiwa na malalamiko yake juu ya hali mbaya ya hospitali. Nsibambi hakumpa mbinu za utawala wala hakumliwaza. Alimwambia kwamba shida ya hospitali imo moyoni mwake yeye Kinuka. Kinuka alirudi Gahini akiwa mtu mwingine, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa miongoni mwa nguzo za Uamsho. Alikuja na swali juu ya wengine, akarudishiwa swali juu yake mwenyewe, tena na mtu asiyekuwa mkuu wake kazini wala mchungaji wake.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliyekuwa mwalimu na mwinjilisti huko Gahini, aliipeleka desturi hiyo ya kuuliza hadi ngazi ya kanisa zima. Alipojiandaa kuhudhuria sinodi ya Kanisa la Uganda mwanzoni mwa 1936 aliandaa mambo matatu: kwa nini kanisa limepoa, kwa nini watu wanaojulikana kuishi katika dhambi wanaendelea kukaribishwa kwenye Meza ya Bwana, na nini kifanyike ili kanisa liamke. Homa ilimwua Januari mwaka huo kabla hajayatamka mbele ya wajumbe. Kifo chake kiliyapa maswali hayo nguvu ambayo huenda yasingekuwa nayo kama angeyasoma mwenyewe na kujibiwa kwa adabu na kamati.

Chombo kilichobeba nidhamu ya Uamsho kilikuwa ushirika, yaani mkutano wa ndugu, kwa kawaida mara moja kwa wiki au zaidi, nyumbani kwa mtu, kanisani au chini ya mti. Hapakuwa na kadi ya uanachama wala kiongozi mmoja aliyepakwa mafuta. Ndugu walisimama mmoja baada ya mwingine kushuhudia, na ushuhuda haukuwa hadithi ya siku ile ya kuokoka tu, iliyozeeka kwa kurudiwa. Ulitakiwa uwe wa juzi na jana: nimemjibu mke wangu kwa hasira, nimeongeza maneno katika taarifa ya kazini, nimemwonea wivu ndugu aliyeketi pale. Walikuita huku “kutembea nuruni”. Aliyeficha aliambiwa, mara nyingi bila kubembelezwa, kwamba anafunika. Baada ya kuungama walikumbatiana na kuimba “Tukutendereza Yesu”, wimbo wa Kiganda uliovuka mipaka na lugha hata ukawa kitambulisho cha ndugu kuanzia Kigezi hadi Bukoba, Dodoma na Murang’a. Wamisionari nao walisimama. Baadhi yao waliungama kiburi cha rangi yao mbele ya Waafrika ambao wao wamisionari waliwaamrisha siku za kazi, na wenzao wa Ulaya waliona haya kwa niaba yao. Mikutano mikubwa kama ule wa Kabale mwaka 1935 au wa Kahuhia mwaka 1938 ilieneza moto, lakini moto huo ulitunzwa wiki kwa wiki na watu wachache waliofahamiana kiasi cha kutodanganyana kirahisi.

Kwa nini mpango usio na ofisi wala bajeti ulidumu kwa miongo, wakati vyama vingi vya kanisa vyenye katiba na mihuri vilikufa mapema? Kuna wanaosema ni msisimko, na ni kweli kwamba miaka ya mwanzo ilikuwa na vilio, ndoto na mitetemeko. Msisimko hauwezi kueleza miaka 20 ya mikutano ya Jumatano. Naona jibu liko katika kurudisha. Aliyeungama wizi alitarajiwa kurudisha kilichoibwa, na hapo toba ilipata miguu. Watu walirudisha vifaa vya misheni, ng’ombe wa majirani, kodi waliyoikwepa, na maofisa wa serikali ya kikoloni wakajikuta wanapokea fedha ambazo hawakujua kwamba zilipotea. Kurudisha ni kipimo kikali kuliko kufunga. Mtu hufunga bila jirani kujua, na ndivyo inavyotakiwa. Kurudisha hakufanyiki bila kukumbuka tarehe, kupiga hesabu, kusafiri hadi kwa uliyemkosea na kumtazama usoni. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne akiwa amesimama mbele ya watu, siyo chumbani, na Luka hasemi kwamba Yesu alimshauri asubiri mpaka mioyo itulie. Hata ndani ya ndoa mpango huu ulikuwa na matokeo. Catherine Robins, aliyechunguza Walokole wa Uganda katika tasnifu yake ya mwaka 1975, alionyesha jinsi Uamsho ulivyobadili mahusiano ya kijamii, nafasi ya wanawake ikiwemo: katika ushirika mke alikuwa dada katika Kristo kabla ya kuwa mke, na mume asiyetembea nuruni alijua kwamba kuna mtu mwingine chumbani anayeijua habari kamili.

Afrika Mashariki haikuuvumbua utaratibu huu. Mwaka 1742 Wamethodisti wa Bristol walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Walikubaliana kila mtu atoe peni moja kwa wiki, wakagawanywa katika makundi ya watu wapatao 12, kila kundi likiwa na mkusanyaji. Wakusanyaji walipopita kwa watu kudai peni waligundua kwamba huyu amelewa, yule anagombana na mkewe. John Wesley aliona haraka kwamba deni limempa kitu alichokuwa akikitafuta, na makundi hayo, yaliyoitwa madarasa, yakawa uti wa mgongo wa Umethodisti. Karibu miaka 200 baadaye Dietrich Bonhoeffer, akiongoza seminari ya siri ya Finkenwalde kati ya 1935 na 1937 hadi polisi wa Hitler walipoifunga, aliwataka wanafunzi waungame ndugu kwa ndugu, akiamini kwamba mtu anayemwungamia Mungu peke yake huenda anajiungamia mwenyewe. Mwanzo wa Kibristol unanivutia zaidi kuliko wa Finkenwalde, kwa sababu hakuna aliyepanga kujenga utakatifu: walikwenda kudai hela, na katika kudai hela wakaifikia dhambi.

Kipimo kingine cha nidhamu ni pale gharama inapopanda ghafla. Serikali ya Kenya ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1952, ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wagĩkũyũ walikataa kiapo cha Mau Mau kwa sababu, walisema, wamekwisha kunywa damu ya agano lingine. Wengi walikataa vilevile kupokea bunduki za serikali na kuingia katika ulinzi wa vijiji, na hivyo wakachukiwa na pande zote mbili. Baadhi yao waliuawa. Mtu anaweza kuutilia shaka msimamo wao kisiasa, kwani malalamiko ya ardhi yaliyozaa Mau Mau yalikuwa ya haki na ndugu hawakuwa na jibu la kutosha juu yake. Uthabiti wao haukanushiki. Nchini Uganda, Janani Luwum aliokoka katika Uamsho Januari 1948. Februari 1977, akiwa Askofu Mkuu, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na uonevu wa wanajeshi, na siku chache baadaye akauawa. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi na mwana wa Uamsho, alitoroka kwa miguu kwenda Rwanda, na mwaka huohuo akachapisha kitabu alichokiita “I Love Idi Amin”. Nakiri kwamba mashahidi wachache hawathibitishi mbinu, maana wapo wafia dini wasiowahi kuhudhuria ushirika wowote. Bado kuna mantiki ya kawaida hapa: mtu aliyezoea kusema ukweli unaomdhalilisha kila wiki mbele ya watu 15 ana mazoezi ambayo mwingine atayatafuta kwa mara ya kwanza siku askari watakapogonga mlango.

Pingamizi la kwanza ni la kiteolojia, nalo ni la heshima. Mlutheri wa Bukoba au wa Moshi, aliyefundishwa tangu kipaimara kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo, atauliza kama nidhamu hii hairudishi sheria kwa mlango wa nyuma. Paulo mwenyewe aliwashangaa Wagalatia walioanza katika Roho wakataka kumalizia katika mwili. Jibu la Uamsho lilikuwa la vitendo kuliko la vitabu, na naliona ni zuri. Ndugu hawakuungama ili wakubaliwe. Waliungama kwa sababu, kwa kadiri walivyoamini, msalaba ulikwisha kuwakubali, na mtu asiye na hofu ya kutupwa nje hana sababu ya kuficha. Neema ndiyo iliyofanya swali livumilike. Kinyume chake ndicho tunachokiona makanisani: pale neema inapohubiriwa bila mtu yeyote kuruhusiwa kuuliza, watu hufichana zaidi, maana kila mmoja anadhani ni yeye peke yake aliyeshindwa. Haishangazi kwamba Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa Kilutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi na baadaye rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa ndugu wa Uamsho bila kuona kwamba amemsaliti Luther. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya kanisa na ukoo alitambua kwamba Mhaya aliyebatizwa hakuacha kuhitaji watu wa kumwangalia. Ukoo ulikuwa umeifanya kazi hiyo, na kanisa lililomtoa mtu katika ukoo bila kumpa ndugu lilimwacha uchi.

Pingamizi la pili linatoka katika Injili yenyewe. Mathayo sura ya sita inaagiza sadaka, sala na mfungo vifanyike sirini. Je, nidhamu inayoonekana na wengine si ile ya wanafiki wa njia panda? Hapa inatupasa tutofautishe. Yanayoagizwa kufichwa ni mema, ambayo yakionekana huzaa sifa. Dhambi haina sifa ya kuvuna, na Mathayo huyohuyo katika sura ya 18 anamwagiza mwamini amwendee ndugu aliyemkosea. Kwa maneno mengine, tumeipindua Injili: tunatangaza mifungo yetu na kuficha madeni yetu. Lakini pingamizi lina sehemu yenye makali zaidi, na ndugu hawakuwa na jibu safi juu yake. Mwanahistoria Derek Peterson, katika utafiti wake wa mwaka 2012, ameonyesha kwamba wazee na wazalendo wa makabila waliwachukia waliookoka kwa sababu waliyaanika hadharani mambo ya ndani ya nyumba. Anayeungama uzinzi humtaja, kwa jina au kwa ishara, mtu wa pili ambaye hakuomba kutajwa, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke ambaye jamii itamhukumu kuliko yeye. Wazee hawakuwa wanatetea unafiki tu. Walikuwa pia wanalinda watu. Mathayo 18 ina utaratibu ambao ushirika wenye joto uliusahau: kwanza wawili peke yao, kisha mashahidi wawili watatu, kanisa ni la mwisho. Haki ya kuuliza haimfanyi kila mtu kuwa na haki ya kusikia jibu, na ushirika wa watu wanne unaotunza siri una nguvu kuliko uwanja wa watu 4,000 wanaopiga vigelegele.

La tatu ni kwamba kuuliza huota sheria. Miaka ya 1960 na 1970 kundi la waliojiita walioamka upya, Bazukufu, wakiongozwa na Yona Mondo huko Buganda, liliona Uamsho umelegea, likaanza kuwapima ndugu kwa mambo kama mikopo na mitindo ya maisha ya kisasa. Ndugu walitengana, na majeraha hayo hayakupona upesi. Siwezi kulikwepa jambo hili kwa kusema kwamba Bazukufu waliharibu kitu kizuri. Mbegu ilikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa kwa kukaidi amri ya kuacha kukusanyika alfajiri kusali na kuhubiri chuoni, na ukisoma kisa chao unaona ujasiri na kiburi vikitembea pamoja, mara nyingine ndani ya mtu mmoja. Kinachotenganisha swali na sheria ni kwamba swali hutegemea mtu anayeulizwa. “Deni hili linakufanyia nini?” ni swali la kichungaji. “Ndugu hakopi” ni kanuni, na kanuni ina raha yake kwa sababu hailazimu yeyote kumjua mwenzake. Ushirika ukichoka kufahamiana huanza kutunga kanuni. Dawa yake ni kurudi kwenye kufahamiana, kazi inayochosha zaidi, siyo kuacha kuulizana.

Pingamizi la nne ndilo zito, na mtu anayesifia Gahini bila kuligusa haaminiki. Aprili 1994 Rwanda, nchi ambayo sehemu kubwa mno ya watu wake walikuwa wamebatizwa na ambayo ilikuwa chimbuko la Uamsho, iliua watu wake kwa mamia ya maelfu, na wengi wao waliuawa ndani ya makanisa. Timothy Longman, katika kitabu chake cha mwaka 2010, ameeleza jinsi makanisa yalivyokuwa yamejifunga na dola kiasi kwamba hayakuwa na sauti ya kuipinga. Nidhamu ile ya kuungama na kurudisha ilikuwa wapi? Zipo habari za kujibia kwa haraka, na ni za kweli. Yona Kanamuzeyi, kasisi wa Kianglikana wa Nyamata na ndugu wa Uamsho, aliuawa Januari 1964 wakati wa mauaji dhidi ya Watutsi. Israel Havugimana, Mhutu aliyefanya kazi ya upatanisho, aliuawa katika siku ya kwanza ya mauaji ya 1994. Lakini watu wawili, au hata 200, hawaondoi swali. Jibu ninaloliona ni la kusikitisha na lina funzo. Ushirika uliuliza kwa ukali juu ya pombe, uzinzi, wizi na hasira, yaani makosa ambayo mtu mmoja humtendea mwingine. Katika miaka ya mwanzo Mhutu na Mtutsi waliweza kukumbatiana kama ndugu, na walidhani kukumbatiana kumelimaliza jambo. Haukuwapo mkazo wa namna hiyohiyo katika kuuliza nani ana ardhi, nani anafanya kazi ya shokoa, watoto wa nani wanaingia shule, na kwa nini wakubwa wa misheni wanaelewana sana na watawala. Kuanzia mwaka 1959 ndugu wengi Watutsi walikimbilia uhamishoni, na ushirika uliobaki ukazidi kuwa wa watu wa upande mmoja. Mahali ambapo wote walio katika duara wananufaika na dhambi ileile, hapana wa kuiuliza. Kwa hiyo Rwanda haithibitishi kwamba nidhamu ya kuulizana ni bure. Inathibitisha kwamba upeo wake hauvuki orodha ya watu waliomo, na hilo ni sahihisho kubwa kwa kila anayetaka kuiga Gahini kwa kurudia nyimbo zake.

Sahihisho hilo linahusu miundo tuliyo nayo leo. Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, shirikisho lao la kikanda, walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa uchungaji katika Afrika Mashariki, walikuwa na wazo la watu wa mtaa mmoja wanaosoma Neno na kutendeana kijirani. Walutheri na Waanglikana wana mikutano yao ya nyumba kwa nyumba. Muundo upo basi, tena mpana kuliko ushirika wa zamani, ila mara nyingi umegeuzwa kuwa mlango wa kukusanyia michango na orodha ya kuthibitisha kwamba anayetaka kubatiza mtoto au kuzikwa amelipa zaka. Hela iliyowafikisha Wamethodisti wa Bristol kwenye roho za watu inatufikisha sisi kwenye daftari tu. Makundi ya simu, ambamo Wakristo wasemao Kiswahili walioko Dubai, Minneapolis na Nairobi hutumiana mistari ya Biblia kila alfajiri, yana wema wake kwa walio mbali na nyumbani, lakini mtu anaweza kujibu “Amina” akiwa popote na akiwa anafanya lolote. Ukaribu wa kuulizana unahitaji mtu atakayejua kama siku ya mshahara umepita njia nyingine.

Kinachodaiwa na hoja hii si kikundi kipya. Ni kubadili nani anaketi pamoja na nani. Mwajiri anayeshuhudia mbele ya waajiri wenzake hataulizwa dada wa kazi analipwa kiasi gani, na mwenye nyumba akiwa na wenye nyumba wenzake hataulizwa kwa nini kodi imepanda mwezi ambao mpangaji amefiwa. Mtumishi wa umma aliye katika ushirika wa watu wa kabila lake tupu atasifiwa kwa kuajiri vijana wa nyumbani. Duara linahitaji angalau mtu mmoja ambaye dhambi yangu, nikiitenda, itamwangukia yeye. Atapingaje mtu mnyonge, itaulizwa, mbele ya anayemlipa? Hatathubutu, wala kumtangazia kwamba yuko huru hakutamsaidia. Mpangilio wa Gahini unatoa mwongozo katika jambo hili kuliko katika jingine lolote: wenye nguvu waliungama mbele ya wale waliokuwa chini yao kazini, bila kujua watajibiwa nini. Mwenye nyumba akikiri mbele ya mpangaji wake kwamba alipandisha kodi akijua kuna msiba, atakuwa amelitamka swali ambalo mpangaji asingeweza kulitamka, na linalobaki kwake ni kurudisha tofauti ya ile kodi.